Jumapili Moja ya Kazi: Maisha ya Delwyn Haverdink

Ndugu waombolezaji, mchungaji, wazee wa kanisa, majirani, nanyi mliotoka mbali na kuendesha gari tangu alfajiri, familia ya Haverdink inawashukuru kwa kufika, na inawaomba mtulie msikilize, maana huyu aliyelala hapa mbele alitumia maisha yake kuwaomba watu wasikilize, na miaka ya mwisho hakusikilizwa na wengi.

Marehemu Delwyn Gerrit Haverdink alizaliwa Jumatatu tarehe 5 Novemba 1951, katika nyumba ya shamba, maili tatu magharibi ya mji huu wa Middelveld, Iowa, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa marehemu Gerrit Haverdink, mkulima wa mahindi na nguruwe na mzee wa kanisa hili kwa miaka thelathini na mmoja, na mkewe, marehemu Johanna. Wa kwanza ni Hermina, ambaye yu hai na ameketi kiti cha mbele, na wa pili, Arend, aliishi miezi minne tu. Mama yao aliugua mgongo baada ya uzazi wa mwisho, hivyo Hermina alipomaliza darasa la nane mwaka 1953 hakuendelea na shule, akabaki nyumbani kumlea mdogo wake, kumwogesha, kumfundisha kuomba, na kumchapa pale ilipobidi, na ilibidi mara nyingi.

Katika zizi la nguruwe palikuwa na redio moja, ya kusikilizia bei za soko na hali ya hewa, na kila Jumamosi jioni baba yao aliichomoa, akaukunja waya, akaifungia kwenye droo mpaka Jumatatu, kwa sababu katika nyumba ile siku ya Bwana mtu hakulima, hakufua, hakununua, wala hakuwasha redio. Delwyn akiwa na miaka sita aliuliza kama watu wa ndani ya redio nao wanapelekewa chakula hiyo Jumapili, akaambiwa ale chake anyamaze.

Marehemu alisoma katika shule ya Kikristo ya hapa Middelveld kuanzia mwaka 1957 hadi 1965, kisha sekondari hadi Mei 1969, na baada ya hapo alikwenda Sioux City kwa miaka miwili kujifunza ufundi wa redio na televisheni, akarudi Juni 1971 na kufungua duka la kutengeneza vifaa hivyo katika barabara kuu, pale ambapo sasa wanauza chakula cha mbwa. Ijumaa tarehe 7 Juni 1974 alifunga ndoa na Bi Marlys Kooima katika kanisa hili hili, na Mungu aliwajalia watoto wawili, Kristin, aliyezaliwa mwaka 1976, na Joel, aliyezaliwa mwaka 1979. Bi Marlys aliishi naye miaka arobaini na mitano, na nyumba yao ilikuwa na nyaya nyingi kuliko vijiko, na hilo alilistahimili.

Kazi iliyomfanya ajulikane ilianza Jumatatu tarehe 10 Septemba 1984, siku ambayo yeye na rafiki yake wa tangu shuleni, Bwana Harlan Bleeker, waliwasha kituo cha Redio Chumvi ndani ya banda lililokuwa la kuchambulia mayai, kituo cha kwanza katika wilaya zetu tatu kupigia vijana nyimbo za Kikristo zenye magitaa ya umeme na ngoma, muziki ambao vijana wenyewe waliupenda na wazazi wao waliuogopa kuliko mvua ya mawe. Dada yake alipousikia mara ya kwanza aliuliza kama hao wanaimba au wanabomoa zizi. Lakini kabla ya kuwasha, baraza la wazee lilimwita, baba yake mwenyewe akiwa ameketi upande wa wazee, likamtaka aahidi kwa maandishi kwamba Jumapili hapatakuwa na ngoma, na kwamba hakuna mkono wa mtu utakaofanya kazi siku hiyo kwa ajili ya redio yake. Delwyn alitia sahihi. Kuanzia hapo kila Jumamosi alirekodi zaburi na mahubiri ya siku inayofuata, akaitegesha mashine ijiendeshe yenyewe, akafunga mlango, na hakurudi hadi Jumatatu asubuhi. Ahadi hiyo aliishika kwa miaka thelathini na minne na miezi saba, na tutaeleza ilivyofika mwisho.

Miaka ile ilikuwa ya neema, na wengi wenu mliojaa hapa leo ni mashahidi. Mlikuwa mnasikiliza mkiwa kwenye matrekta, mlipiga simu kutuma salamu kwa wasichana mlioogopa kuwasemesha, na mwaka 1988 mlijaa elfu moja na mia mbili kwenye banda la mnada wa nguruwe kuwasikiliza wanamuziki wenye nywele ndefu kuliko za dada zenu, na baadhi yenu mlitoa maisha yenu kwa Yesu palepale, juu ya maranda, na viatu vyenu havikupona harufu.

Kisha mkakua. Hilo si kosa. Mliendelea kuipenda Chumvi, mkawa baba na mama, mkaiomba isipige kelele sana watoto wakiwa garini, na watoto wenyewe mkawanunulia simu, wakatia vijiti masikioni, wakawa hawahitaji redio ya mtu yeyote. Mwaka 2011 bodi, chini ya uenyekiti wa Bwana Bleeker, ilimwita mtaalamu wa kukodi kutoka mji mkubwa, akaja na picha ya mwanamke aliyeikata kwenye gazeti, akaibandika ukutani mbele ya mtangazaji, akasema jina lake ni Lori, ana miaka thelathini na minane, watoto watatu na gari kubwa, na kwamba tangu siku hiyo wimbo wowote usipigwe kabla ya kujiuliza kama Lori ataupenda. Lori hakuwa mtu. Alikuwa amebuniwa. Delwyn aliigeuza ile picha ikatazama ukuta, na katika kikao akauliza, “Hii redio tuliianza kwa ajili ya mtoto wa huyu mama. Mtoto wake anaulizwa na nani?” Bwana Bleeker akamjibu, “Mtoto wake hatoi sadaka, Del.” Familia haimlaumu Bwana Bleeker, alisema kweli tupu, na ndiyo maana ilimkaa Delwyn rohoni mpaka mwisho.

Lori alipigiwa nyimbo zake kwa miaka mitatu, na mwaka 2014 bodi ikaliuza banda, mnara na masafa kwa mtandao mkubwa wa mbali, unaopiga nyimbo zilezile kutoka chumba kimoja kwa nusu ya nchi. Delwyn alibaki na jina la Chumvi tu, kwa sababu halikuwa na mnunuzi. Mwaka uliofuata alipata leseni ndogo, ya kituo chenye nguvu ya kufika hapa mjini na vijiji viwili vya jirani, akaweka antena juu ya ghala refu la nafaka la chama cha ushirika na mtambo katika chumba cha chini yake. Sheria inataka kituo cha namna hiyo kiwe na wajumbe watatu, naye alikuwa na mke wake na hakuwa na mtu wa tatu, hivyo alikwenda kwa Harlan Bleeker, ambaye walikuwa hawajasemezana kwa mwaka mzima, akamwomba awe mwenyekiti tena, na Harlan akakubali kabla hajaulizwa mara ya pili.

Tunafika sasa kwenye dhoruba. Jumamosi tarehe 14 Aprili 2018, theluji na upepo viliupiga mji huu kama mnavyokumbuka, Delwyn akategesha vipindi vya Jumapili saa sita mchana, akaenda nyumbani, na jioni ile antena ilianguka na mtambo ukazimika. Hakujua. Jumapili nyumbani kwake redio haikuwashwa, kama ambavyo haikuwashwa kwa baba yake, na katika mji mzima hakuna mtu aliyepiga simu kuuliza kulikoni. Aligundua Jumatatu tarehe 16 alipofungua mlango, akaandika kwenye kitabu cha kituo kwamba kimezimika tarehe hiyo, akaitaarifu serikali hivyo, kwa nia safi. Katika miezi iliyofuata watu saba walimwuliza kwa nini haisikiki, na aliyekuwa mdogo kuliko wote alikuwa na miaka hamsini na miwili.

Sheria ya leseni haina huruma, kwamba kituo kikikaa kimya miezi kumi na miwili mfululizo, leseni inakufa yenyewe, bila barua wala rufaa. Chama cha ushirika kilichelewesha ruhusa ya kupanda ghala hadi Oktoba, na Jumanne tarehe 6 Novemba 2018, siku moja baada ya kutimiza miaka sitini na saba, Delwyn aliambiwa na madaktari kwamba ana saratani ya kongosho na haifanyiwi upasuaji. Alipungua, akawa manjano, akawa anavaa mkanda wa mwanawe Joel, lakini aliendelea kuhesabu siku. Antena mpya ilifika Machi. Kupandishwa kulipangwa Jumatatu tarehe 15 Aprili 2019, siku moja kabla ya mwisho.

Jumamosi tarehe 13, alasiri, fundi wa minara, Bwana Leo Thelen, Mkatoliki wa mji wa pili, alikuja kuujaribu mtambo chini kabla ya kazi ya Jumatatu. Alipouwasha, mtambo ulionyesha kumbukumbu yake wenyewe, kwamba mara ya mwisho ulizimika tarehe 14 Aprili 2018, saa kumi na dakika arobaini jioni. Si Jumatatu. Jumamosi. Mwaka ulikuwa unaisha kesho yake, Jumapili ya Matawi, na nje upepo ulikuwa unavuma kiasi kwamba hakuna mtu mwenye akili angepanda futi mia na arobaini.

Waliokuwamo katika chumba kile ni watatu, na familia imeyapata haya kwa wawili walio hai. Bwana Bleeker alisema jambo ni rahisi, “Kitabu kinasema Jumatatu. Serikali inasoma kitabu, haisomi mashine.” Bwana Thelen akasema hata mashine si tatizo, ina kitufe, kikibonyezwa inasahau kila kitu. Delwyn akawa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono tumboni, akauliza, “Na mimi nina kitufe hicho, Leo? Nionyeshe kiko wapi.” Bwana Thelen akasema kesho upepo utatulia, yeye jioni ile anakwenda misa ya Jumamosi, ambayo kwao huhesabiwa ya Jumapili, na atakuwa amekwisha kutimiza wajibu wake, kwa hiyo akiitwa Jumapili atapanda. Bwana Bleeker, ambaye ni mzee wa kanisa kama alivyokuwa Gerrit, akavaa kofia na kusema hilo asiambiwe.

Hivyo Delwyn alikuwa na njia tatu, kusema uongo, kuvunja ahadi aliyomwekea baba yake, au kuiacha Chumvi ife, na alikuwa na muda wa usingizi mmoja. Jioni alipita kwa dada yake kula supu ya mbaazi, akamweleza yote. Hermina, ambaye hajawahi kuosha sahani siku ya Jumapili kwa miaka themanini, alimwambia bila kumzungusha, “Utaikanyaga Sabato kwa ajili ya watoto ambao hawajui hata kama umezimika?” Delwyn akakoroga supu ambayo hakuweza kuila, akasema, “Dada, mwaka mzima hawajapata cha kukijua.” Hermina akamwambia aiache ife, kwamba kuna vitu hufa na mtu huvizika, na kwamba yeye mwenyewe hana siku nyingi za kuchezea. Aliondoka bila kuaga vizuri. Hermina hakumfuata mlangoni.

Asubuhi alikuja kanisani na Bi Marlys, wakakaa mahali pao. Mnajua kanisa letu, pipi ya mnanaa ya kwanza hupitishwa mchungaji anapoanza kuhubiri, ya pili katikati, na ya tatu anapokaribia amina. Delwyn alikula ya kwanza. Ya pili ilipomfikia aliishika mkononi, akaitazama, akamrudishia mkewe, akasimama na fimbo yake, akatembea katikati ya viti vyote hadi mlangoni, taratibu, kwa sababu hakuweza haraka, na kila mmoja wenu alimtazama, na wengi mlidhani anakwenda kutapika.

Alikwenda kwenye ghala. Kazi ilianza saa sita na nusu. Bwana Thelen alikuwa juu, Delwyn akiwa ndani ya gari mlango wazi, akielekeza kwa simu, na upepo ulikuwa umetulia kweli, lakini boliti za zamani zilikuwa zimeshikana kwa kutu, na moja peke yake ilikula saa moja na dakika kumi. Hakuna aliyejua kama serikali inahesabu siku au inahesabu saa, na Bwana Thelen alisema wasijaribu kujua, wahesabu mpaka saa kumi na dakika arobaini. Saa nane Bwana Bleeker alifika akiwa na suti ya kanisani, akasimama mbali, mikono nyuma, akasema, “Nimekuja kushuhudia, si kusaidia.” Delwyn akamwambia ashuhudie akiwa kivulini. Kengele ya ibada ya pili ilipolia Harlan hakwenda, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. Saa tisa na robo antena ilikuwa inaning'inia nusu ya ghala, ikaanza kuzunguka na kugonga ukuta, na kamba ya kuizuia isizunguke ikawa inacheza chini bila mtu, Delwyn akatoka garini kuifuata akaanguka magoti. Harlan Bleeker akamtazama, akaitazama kamba, akaishika kwa mikono miwili, akaikaza, na hakuiachia mpaka Leo alipopiga kelele kwamba imefunga. Baadaye alisema kushika kamba si kazi. Familia inamwachia Mungu aamue, na inamshukuru.

Mtambo uliwaka saa kumi na dakika kumi na saba. Delwyn hakuwa ametayarisha zaburi, hivyo alisogeza kipaza sauti akasema maneno yafuatayo, ambayo dada yake aliyaandika kama alivyoyasikia.

“Hapa ni Chumvi. Leo ni Jumapili na tumefanya kazi. Kosa ni langu mimi, Delwyn, msimtafute mwingine. Kama yupo kijana anayenisikia, apige simu.”

Kisha wote watatu wakakaa kuitazama simu. Ilikaa kimya dakika arobaini. Ilipolia hakuwa kijana, alikuwa mwanamke wa miaka themanini aliyetoa redio kwenye kabati Jumapili kwa mara ya kwanza maishani mwake, akasema, “Unasikika. Sasa rudi nyumbani, supu inapoa.” Kijana hakupiga siku ile.

Jumatatu Delwyn aliiandikia serikali kusahihisha tarehe, akaambatanisha kumbukumbu ya mtambo, na jioni wazee wawili walimtembelea kuhusu Sabato, akakiri mbele yao, hakujitetea, akasema hataahidi kwamba hatafanya hivyo tena. Wazee walisali naye wakaenda. Serikali ilijibu Mei kwamba leseni ni hai.

Jumatano ya wiki iliyofuata, simu ya kituo ililia saa kumi na moja alfajiri, na Delwyn, aliyekuwa kituoni kwa sababu maumivu yalikuwa hayamruhusu kulala, aliipokea. Alikuwa binti wa miaka kumi na saba, Yesenia Tzoc, anayekamua ng'ombe kabla ya shule katika shamba la kusini ya mji, ambako kuta ni za zege na simu ndani haishiki, na kuna redio kuukuu imefungwa kwa waya juu ya bomba. Alikuwa ametoka nje kupiga. Akasema, “Babu wa redio, huo wimbo ubadilishe, ng'ombe wamegoma.” Delwyn aliubadilisha. Binti alipiga tena mara kadhaa, kila mara kulalamika, na Bi Marlys anasema dawa zote za hospitali hazikumfanyia mumewe kazi kama malalamiko yale.

Kuanzia tarehe 2 Juni Delwyn hakuinuka tena kitandani, vipindi akavirekodi akiwa amelala, na Jumamosi tarehe 22 aliweza kurekodi vya kufika Jumapili mchana tu. Alifariki nyumbani kwake Jumapili tarehe 23 Juni 2019, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, Bi Marlys, Kristin, Joel na dada yake wakiwapo. Ameacha mke, watoto wawili, wajukuu wanne na dada mmoja.

Zaburi ya mwisho iliisha saa nane na dakika ishirini mchana, redio ikanyamaza, na katika nyumba ya msiba hakuna aliyekumbuka. Saa nane na dakika ishirini na sita simu ya kituo, iliyokuwa imehamishiwa nyumbani, ililia. Alikuwa Yesenia, akauliza, “Mbona kimya?” Mwaka jana mji mzima ulikaa siku mbili bila kugundua. Safari hii zilipita dakika sita. Hermina alimweleza, binti akauliza nani atawasha. Hermina akachukua ufunguo, akaenda ghalani, akauzima mtambo kwa mkono wake kama Bwana Thelen alivyomwelekeza, na Jumapili ileile akaandika kwenye kitabu tarehe yenyewe na saa yenyewe. Ni kazi, na aliifanya akijua.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya wilaya, na hasa wauguzi waliokuja nyumbani na hawakukanyaga nyaya, majirani walioleta vyakula mpaka friji ikakataa kufunga, chama cha ushirika kwa ghala lao, Bwana Leo Thelen kwa miguu yake na Bwana Harlan Bleeker kwa mikono yake, mchungaji, na wote mliowahi kufanya kazi Chumvi kubwa na ndogo. Baada ya mazishi kuna mikate ya nyama na kahawa katika ukumbi wa chini.

Kitabu cha kituo kimewekwa mezani humo, pembeni ya kahawa, pamoja na ufunguo. Miezi kumi na miwili ya kimya inaisha tarehe 23 Juni mwaka kesho. Tumeangalia kalenda, ni Jumanne, kwa hiyo hakuna atakayesingizia Sabato. Yesenia naye yupo hapa, ameketi nyuma kabisa, na anayetaka kujua vijana wanasikiliza nini akamwulize yeye, asimwulize Lori.

Delwyn, mdogo wetu, siku yako ya kazi imekwisha. Lala sasa, upumzike.